Kosa Linaloruhusiwa Ndani ya Seli

Wengi wetu huupima ukamilifu kwa kukosekana kwa kosa, na kazi ya Mungu tunaihukumu kwa kipimo hichohicho: kama maumbile ni mema, basi yasikosee. Kipimo hicho hakiwafai viumbe hai, na ushahidi umo ndani ya ngozi yetu. Jua likiipiga, miale ya urujuanimno huweza kugandisha pamoja herufi mbili za T zilizopakana kwenye DNA. Kimeng'enya cha kawaida cha kunakili, ambacho ni makini mno, hukwama hapo, na seli isiyomaliza kunakili DNA yake iko hatarini kufa. Ndipo vimeng'enya RAD6 na RAD18 vinapopachika protini ndogo iitwayo yubikuitini, yenye asidi amino 76 tu, juu ya PCNA, ile pete inayouzunguka uzi wa DNA. Alama hiyo humwita fundi mwingine, polimerasi eta. Huyu, kwenye DNA isiyo na jeraha, hukosea mara nyingi kuliko yule makini. Lakini mbele ya T zilizogandana huweka A mbili, na kwa kawaida hupatia. Kazi inaendelea, jeraha linaachwa litengenezwe baadaye, na kimeng'enya USP1 huiondoa ile alama. Ruhusa ilikuwa ya muda.

Atasema mtu kwamba hiyo ni kemia tu, na molekuli hazina huruma. Kweli, hazina. Wala sidai kwamba seli inakusudia lolote. Ninachodai ni kwamba uhai umesimama juu ya uvumilivu wenye mipaka. Na mipaka ipo kweli. Yubikuitini hiyohiyo, ikiunganishwa mnyororo kwenye protini CDT1, huipeleka ikavunjwevunjwe ili DNA isinakiliwe mara mbili katika mzunguko mmoja. Ugunduzi wa kazi hiyo ya kuhukumu protini zivunjwe ndio uliowapa Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Mahali pamoja seli inasamehe, mahali pengine haisamehe kabisa, na chombo ni kilekile.

Pingamizi zito ni la saratani: je, kuruhusu kosa si kuufungulia mlango uvimbe? Wakati mwingine ndivyo. Lakini wapo watu wanaozaliwa bila polimerasi eta inayofanya kazi, wenye aina mojawapo ya ugonjwa wa zeroderma pigmentosamu. Kwa kumkosa fundi huyu asiye makini, seli zao hutegemea wengine wasiolifahamu jeraha hilo, makosa huzidi, na saratani za ngozi huwaandama mapema. Jibu hili halimfariji mzazi anayeuguza mwana, na nisingethubutu kumpa kama faraja. Swali la mateso ni kubwa kuliko herufi mbili za T. Ila anayeuliza kwa nini Muumba hakuiumba seli isiyovumilia kosa hata moja, ajue kwamba seli ya namna hiyo isingeimaliza siku moja juani.