Unga Upo au Haupo?

Kaa, mpwa wangu. Sogeza kiti huku kwenye upepo, maana kupaza sauti siwezi tena. Mama yako kanieleza nusu, na nusu nimejionea: mkate umepungua uzito, vijana wa baiskeli wanatoka saa mbili badala ya alfajiri, na wewe siku hizi unaingia kiwandani kwa mlango wa nyuma.

Nianze na huo mlango. Bei ya unga si kosa lako. Vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza Februari 2022 kila mwenye tanuri aliungua, kwa sababu ngano ya Basotu na ya Kilimanjaro Magharibi haitutoshi. Nyingi tunayokula inakuja kwa meli. Mafuta nayo yakapanda. Deni ulilochukua wakati ule ndilo linalokukaba mpaka leo. Waokaji wako hayo wanayajua, redio wanasikiliza kukushinda. Wasilolijua ni kama mshahara wa mwezi huu upo, na mwenye jibu anawapita kwa nyuma.

Mlango huo nimeupita mimi kabla yako. Mwaka 1983, hapa hapa Tanga. Tumetoka vita ya Kagera, fedha za kigeni hakuna, sukari foleni, sabuni foleni, unga wa ngano ni wa mgao. Machi mwaka ule, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaanza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Wapo waliotupa mali zao usiku wasikutwe nazo. Nami nina magunia sita stoo, nimeyabana kwa ajili ya wiki ambayo mgao ungechelewa. Nia njema kabisa. Ila sikumwambia mtu. Waokaji wakiniuliza, jibu langu kila jioni ni moja: tutaona kesho.

Alfajiri moja nikakuta tanuri limepoa. Wamekaa nje kwenye benchi, mikono mapajani, hakuna anayezungumza. Mkubwa wao, fundi wa kukanda, makovu ya trei yamempanda mpaka kwenye viwiko, akasimama. "Ndugu, unga upo au haupo?" Siku zile sote tulikuwa ndugu, lakini alivyolitamka lile neno, udugu haukuwamo. Alikuwa ameona vumbi jeupe kwenye kizingiti cha stoo, siku ambayo mimi nimesema stoo tupu.

Kwa vumbi lile, mwaka ule, mtu aliweza kwenda ndani. Neno moja kwa mjumbe wa nyumba kumi lingetosha. Hawakulipeleka, namshukuru Mungu. Lakini mioyoni mwao nilikuwa nimeshakuwa mlanguzi, na hao ni watu niliokula nao sahani moja miaka saba.

Nikafungua stoo, tukahesabu pamoja. Na yule fundi, hasira haijamtoka, ndiye aliyetupangia: tuoke siku nne badala ya sita, tuachane na keki na skonzi zinazokula sukari, na kwenye mkate tuchanganye unga wa muhogo kidogo. Ulitoka mzito, una weusi fulani. Watu walilalamika na wakanunua. Mimi nilikuwa nimekesha wiki tatu na kalamu, la muhogo halikunijia hata siku moja. Lingenijiaje? Sijawahi kukanda.

Sasa nisikilize, nimechoka na sitarudia. Waite Jumamosi mauzo yakiisha, si usiku wakiwa na donge mikononi. Weka daftari mezani, lifunguliwe. Usiwaambie hali ni ngumu; hali ngumu kila mtu anayo kwake. Waambie deni la benki ni shilingi ngapi, mikate mingapi ikiuzwa kwa siku ndiyo mishahara inapatikana, na sasa inauzwa mingapi. Ukimaliza, nyamaza. Hapo ndipo utakapopata taabu, maana kunyamaza hukujaliwa, una ulimi wa baba yako. Atatokea wa kukufokea. Mwache afoke mpaka aishiwe.

Na kabla hujagusa posho ya mtu, jiguse wewe. Pikapu ya kusambazia mikate sawa, lakini lile gari jeupe la kwendea harusini liuze. Mafuta unayolitia, wafanyakazi wako wanayajua kwa lita.

Ikibidi kupunguza watu, na huenda ikabidi, usimtume karani akawape habari kwa simu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inakutaka utoe taarifa mapema, ueleze sababu, kisha mshauriane: namna ya kuepuka kupunguza watu, nani ataondoka na kwa kigezo gani. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mpaka miaka 10. Aliyekaa nawe miaka minane, siku 56. Na hicho ndicho kiwango cha chini. Mchango wa NSSF ukiukata kwa mtu, upeleke. Najua wenzako wanaokaa nao na kuita kujikopesha kidogo. Mimi nauita wizi.

Wala usiwaahidi kwamba hakuna atakayeondoka. Niliahidi hivyo mwaka 1984, tukiwa tumeshapatana, nimelewa ile furaha ya kusamehewa. Waliondoka wawili. Mmoja alikuwa yule fundi. Aliaga kwa adabu zote, na tangu siku ile tukikutana sokoni ananipa mkono tu, stori hana.

Limebaki dogo. Jana nilikaa barazani nikahesabu. Shangazi zako, ustadhi wako wa madrasa, mama yako, mimi: mikate 22 inatoka kila asubuhi na haiandikwi popote. Wanaoibeba ni wale wale vijana wa baiskeli unaotaka kuwapunguzia posho. Ya ustadhi iache, nitakuchangia. Iliyobaki, kuanzia Jumatatu, iandike. Na ile miwili yangu usiikate, meno yangu hayana kazi nyingine. Iandike tu kwa jina langu. Wanangu wakinitumia kwenye simu mwisho wa mwezi, nitakuja kulipa. Nitapita mlango wa mbele.