Tamaa ya Asiye na Kazi

Neno "tamaa" lina sura mbili katika lugha yetu. Mtu akitapeliwa tunamwambia, "Tamaa mbele, mauti nyuma." Mtu huyo huyo akikaa nyumbani mwaka wa pili, cheti chake kikiwa ndani ya bahasha, tunamwambia, "Usikate tamaa." Hebu basi tujiulize: ni tamaa ipi tunayotaka awe nayo, na ni ipi tunayotaka aiache? Naye atazitenganishaje, ilhali zote mbili zinakaa katika moyo mmoja na kuitwa kwa jina moja?

Nimelifikiri sana jambo hili kwa sababu ya kazi za uongo zinazotangazwa katika intaneti. Zamani kijana alitembea na barua mkononi kutoka ofisi hii hadi ile. Leo anatafuta kazi kwenye simu, na humo hukutana na tangazo lenye nembo ya kampuni kubwa, mshahara mnono, na onyo kwamba nafasi ni chache. Anaandika. Baada ya saa chache anajibiwa kuwa amechaguliwa, bila hata kuitwa kwenye usaili. Kisha yanakuja masharti: atume fedha za kupimwa afya, au za sare, au za mafunzo. Fedha zenyewe zinakwenda kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Akishatuma anadaiwa nyingine, na akiishiwa, simu yake haipokelewi tena.

Mpwa wangu mmoja alipatwa na hayo. Alitoa shilingi 85,000 alizokopa kwa mama yake mdogo, ambaye anauza vitumbua. Habari zilipofika barazani watu walicheka, na mzee mmoja akasema, "Msomi mzima!" Baadaye binti akaniambia, "Mjomba, pesa imeniuma, lakini kicheko kimeniuma zaidi. Ningejua, nisingemwambia mtu."

Maneno hayo ya mwisho yanatuhusu sote. Tapeli ana mitaji miwili: shida ya mtu na aibu yake. Shida ndiyo inayomleta mtu mikononi mwake, na aibu ndiyo inayomnyamazisha ili mwingine asionywe. Mtaji wa kwanza tapeli anaukuta tayari mitaani. Wa pili tunampa sisi, tunaoketi barazani na kucheka.

Wapo watakaosema kuwa mtu mzima ana akili na hana budi kujilinda. Kwamba kazi yenye mshahara mkubwa bila usaili ilitosha kumshtua. Sikatai kwamba hadhari ni wajibu. Ninachokataa ni kuiita shida yake ulafi. Anayepeleka fedha zake mahali alipoambiwa zitazaa maradufu kwa wiki moja anataka kuvuna asichopanda. Anayetafuta kazi anataka jembe tu. Hakuomba cha bure. Aliomba nafasi ya kutoka jasho. Hiyo ndiyo tamaa tuliyomsihi asiikate.

Jambo hili lina kina zaidi ya fedha zinazopotea. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwatahadharisha raia wake baada ya vijana kuahidiwa kazi nzuri nchini Thailand, kisha wakajikuta Myanmar, wamefungiwa katika majengo yenye ulinzi na kulazimishwa kuwatapeli watu kwa njia ya mtandao. Mwezi Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 nchini Kambodia, walikuwa wakishikiliwa katika hali kama hiyo. Maana yake ni kwamba anayekuandikia uongo leo huenda naye aliitikia tangazo la kazi jana. Samaki aliyenaswa amefanywa chambo. Sisemi kuwa kila tapeli ni mateka; wengi ni wezi kwa hiari yao. Lakini habari hii inatuonyesha kuwa mstari kati ya aliyedanganywa na anayedanganya si mnene kama tunavyodhani tukiwa tumeketi kivulini.

Tufanye nini basi? Tumelelewa kuamini kuwa kumhoji anayekutendea wema ni kukosa adabu, na tapeli anaijua adabu hiyo na kuitumia. Inatupasa tuwafundishe watoto wetu kwamba kuuliza si utovu wa shukrani. Mwajiri wa kweli hachukii kuulizwa ofisi yake iko wapi. Tena, mwajiri humlipa mfanyakazi, hamlipishi. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, ama waziwazi ama kwa kuzunguka, isipokuwa pale ambapo serikali imeruhusu kwa sababu maalumu. Kwa hiyo anayedai fedha kabla ya kazi ndiye anayepaswa kujieleza.

Kuulizia nako kuna njia yake. Usipige namba iliyo kwenye tangazo. Itafute mwenyewe namba ya kampuni inayotajwa, uwaulize kama nafasi hiyo ipo. Kwa kazi za serikali nchini Tanzania, tazama matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kwa kazi za ng'ambo, uliza kama wakala ana leseni. Kenya, kwa mfano, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira hutoa orodha ya mawakala walioruhusiwa. Na picha ya kitambulisho chako usiitume kwa mtu usiyemjua, maana inaweza kutumika kumwibia mwingine kwa jina lako.

Hata hivyo, hadhari hizi zote ni nzito kubebwa na mtu mmoja aliyechoka kusubiri. Mwenye njaa haoni vizuri. Wanaomzunguka ndio wenye macho. Kijana akija na habari kwamba amepata kazi, tusikimbilie kumpongeza, wala tusingoje aanguke tupate cha kuzungumza. Tumwambie aketi, alete hiyo barua, tuisome naye.