Kadari na Shimo Lililoachwa Wazi

Watu wetu, wafikwapo na msiba wa barabarani, husema kwamba ajali haina kinga, na kwa neno hilo hujifariji waliofiwa, na, ole wetu, hujifariji pia waliousababisha. Basi swali hili ni la dini kabla ya kuwa la uhandisi: mpaka wapi tuseme ni kadari, na kuanzia wapi tuseme ni taksiri ya mja?

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua nyingi, ubavu wa mlima Hanang ulimeguka, na tope, mawe na magogo yakaporomoka hadi mji wa Katesh, yakaua watu zaidi ya 80 na kuifunika barabara kuu itokayo Babati kwenda Singida. Mbele ya msiba kama huo mja huinamisha kichwa, akamwombea maiti rehema, kisha akashika sepetu.

Walakini barabara ya Mbulu kwenda Haydom, inayojengwa kwa lami kipande kwa kipande, haikushuka mlimani. Huchongwa kwa mikono ya watu. Mchana greda hulima, boza hunyunyiza maji kutuliza vumbi, na mshika bendera huzuia magari. Lakini jua likisha kuchwa, wafanyakazi wakenda zao, lau handaki la kalvati litaachwa na tawi moja tu la mti kuwa ndiyo ilani, na mwenye bodaboda anayemkimbiza mzazi hospitali ya Haydom akatumbukia humo, je, tuthubutu kumsingizia Mola?

Torati, katika Kutoka mlango wa 21, yamlazimisha aliyechimba shimo asilifunike kumlipa mwenye ng'ombe au punda aliyetumbukia. Wala haimwulizi kama alikusudia, yamwuliza kama alifunika. Naye Mtume Muhammad alihesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani. Ukristo, uisomao Torati hiyo, na Uislamu, ambazo wafuasi wake huabiri basi moja kutoka Babati, zimekubaliana kwamba njia ni amana.

Tena dhima hiyo haiishi siku mkandarasi akabidhipo kazi. Machimbo ya kifusi yasiyofukiwa hujaa maji ya masika, yakawa mtego wa watoto na mifugo. Na kalvati limwagalo maji yote mahali pamoja hulichimba shamba la jirani hata likawa korongo. Ni aibu kuuharibu hivyo udongo wa nchi ambayo wazee wa Kiiraqw wa Kainam, huko Mbulu, waliilima miteremko yake vizazi kwa vizazi, wakiirutubisha kwa samadi na kuyaongoza maji kwa mifereji.

Wala tusimtwike mkandarasi peke yake. Dereva apitaye mchepuko kwa kasi ilhali wenzake wamo kazini na sepetu mikononi, na mwanakijiji ang'oaye kibao cha tahadhari akakiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, wote wana sehemu yao katika damu itakayomwagika.

Kwa hiyo nawasihi maimamu, mapadri na wachungaji wa Mbulu, Dongobesh, Haydom na Katesh walihubiri jambo hili kama wahubirivyo sala na sadaka: shimo lifunikwe kabla ya magharibi, kibao kiheshimiwe, chimbo lifukiwe. Aliyeyatimiza hayo, kisha msiba ukatokea, ana haki ya kutaja kadari, asiyeyatimiza hana.