Kipepeo Hakatwi

Kiwavi hula majani hata ashibe, kisha hujifungia katika ganda lake na kutulia. Humo sehemu kubwa ya mwili wake wa kwanza huyeyuka, na machipukizi ya mabawa, aliyokuwa nayo tangu ukiwavi wake, hukua. Ganda likipasuka kwa wakati wake, hutoka kipepeo. Mtu akilipasua kabla, hakumsaidia, amemwua.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti wangaliko wazee wasemao kwamba msichana hawi mwanamke mpaka apite chini ya kisu. Swali lao ni jema: mtoto hugeukaje kuwa mtu mzima? Jibu lao ndilo lenye kosa. Utu uzima Mungu ameupanda ndani ya mtoto. Wembe hauongezi kitu, bali hupunguza, na pengine huua. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, msimu ufikapo, mara nyingi mwezi wa Desemba, wasichana hukimbilia Kituo cha Masanga.

Mzazi Mkristo, usingoje binti yako akukimbie. Mfunde, mshangilie, ngoma na ichezwe; damu isimwagike.