Mfungwa Aliyetoroka Kifungo Kisicho Halali

Mtu akifungwa kinyume cha sheria, naye akajaribu kutoroka, je, ametenda kosa? Swali hili lilikatwa na mahakama kuu ya Uingereza, huko London, tarehe 13 Mei 2020.

Mwaka 1973, katika Ireland ya Kaskazini, serikali iliweza kuwafunga watu pasipo kuwapeleka mbele ya hakimu. Gerry Adams, ambaye baadaye alikuwa mkubwa wa chama cha Sinn Féin, alitiwa hivyo katika gereza la Maze. Mara mbili alijaribu kutoroka, mara mbili akashikwa. Mwaka 1975 akahukumiwa miezi 18 kwa kosa la kwanza na miaka 3 kwa la pili.

Lakini amri ya mwaka 1972 ilitaka Waziri mwenyewe apime habari za mtu kabla ya kumfunga. Waziri mdogo aliruhusiwa kutia sahihi tu. Waziri, William Whitelaw, hakupima neno. Karatasi za serikali, zilizofunguliwa baada ya miaka 30, zilionyesha kwamba wakubwa walikwisha kuonywa juu ya kasoro hiyo mwaka 1974, yaani kabla ya hukumu. Wakanyamaza, na mtu akahukumiwa.

Wengine watasema: Ni kazi ya kalamu tu! Sivyo. Mahali pasipo hakimu wala mashahidi, dhamiri ya yule mmoja aliyepewa mamlaka ndiyo kinga pekee ya raia. Ikiondolewa hiyo, imebaki nini? Mahakimu wote watano walikubaliana, wakazifuta hukumu zote mbili. Hawakusema kwamba Adams ni mtu mwema, hawakuulizwa hilo. Vita ile iliua watu zaidi ya 3,500, na jamaa za marehemu wengi waweza kuona uchungu kwa uamuzi huo. Uchungu wao ni wa haki, ila hauwezi kuihalalisha amri isiyo halali.

Sokrate alikataa kutoroka, akisema raia azitii sheria za mji wake hata zikimwonea. Mtakatifu Toma wa Akwino hafungi mlango hivyo: aliyehukumiwa pasipo haki aweza kupinga kama mtu apingavyo wanyang'anyi, isipokuwa kama kupinga kwake kwaleta makwazo na fujo kubwa.

Hata hivyo liko fundo gumu zaidi. Adams alipokuwa akitoroka hakuijua kasoro ile. Je, hakukusudia kuvunja kifungo alichodhani ni halali? Yaweza kuwa, na mbele ya Mungu, atendaye jambo huku akidhani ni baya ana hatia, hata kama jambo lenyewe si baya. Lakini hakimu wa dunia hakupewa kuhukumu mioyo. Yeye huuliza kama sheria imevunjwa kweli, na pale Maze hapakuwa na kifungo halali cha kuvunjwa.

Mwaka 2023 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kutamka kwamba amri za namna ile, zilizotiwa sahihi na mawaziri wadogo, zihesabiwe kuwa zilikuwa halali tangu siku ya kutolewa kwake, miaka 50 nyuma.