Kula Mbegu ya Kesho

Je, ni haki kutimiza haja ya leo kwa fedha zilizowekwa akiba kwa usalama wa kesho? Kila mzazi alijua swali hili nyumbani mwake. Mwaka 2025 liliwafikia watu wa mji wa Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani.

Mabasi na treni za mji ule huendeshwa na shirika la umma liitwalo SEPTA. Nauli peke yake haitoshi kuliendesha, kwa hiyo hutegemea pia hazina ya jimbo. Msaada wa serikali kuu uliotolewa wakati wa ugonjwa wa Korona ulipokwisha, shirika lilijikuta na upungufu wa dola milioni 213, na wabunge wa jimbo hawakupatana juu ya fedha mpya. Basi, tarehe 24 Agosti 2025 njia 32 za mabasi zilifutwa. Siku ya pili yake shule za mji zikafunguliwa.

Yatupasa kutazama ni nani aliyeumia. Mwenye motokaa aliweza kwenda zake. Walioachwa kituoni ni mtoto wa shule, mfanya kazi aamkaye alfajiri, na mzee aendaye kwa daktari. Hao hawakuwa na kauli katika mabishano ya wakubwa, lakini ndio waliotozwa gharama yake.

Mwezi Septemba mahakama iliamuru upunguzaji ule usimamishwe, naye gavana akaruhusu shirika litumie hadi dola milioni 394, kwa muda wa miaka miwili, kutoka fungu la matengenezo na vyombo vipya. Mabasi yakarudi njiani, na nauli ikapanda kutoka dola 2.50 hadi 2.90.

Mwenye njaa halaumiwi akifungua ghala, wala sisi hatuwalaumu waliotaka watoto wafike shuleni. Lakini fedha zile zilikuwa mbegu. Katika mwaka uo huo mabehewa yaliyoundwa miaka ya 1970 yalishika moto mara tano. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huo utajengwa na watoto ambao hawakuulizwa neno.

Lawama, twaona, yawaangukia wale wenye uwezo wa kujaza ghala, wakashindwa kupatana mpaka mbegu ikaliwa. Tena sehemu ya wajibu ni ya kila mlipa kodi, hata asiyepanda basi kamwe. Dukani anahudumiwa na mtu aliyefika kwa basi, na hospitalini akiugua vivyo hivyo. Faida ya basi yamfikia, hivyo gharama yake nayo haina budi imfikie. Miaka miwili ya ruhusa ni deni, na deni la namna hiyo yafaa lilipwe na waliolikopa, kabla halijawa urithi wa watoto wao.