Nahodha Akikataa, Msimwongezee Pesa

Wajukuu zangu, nasikia mmeshapanga. Ijumaa jioni mnatoka Dar es Salaam, mnaingia Pangani usiku wa manane, na Jumamosi asubuhi mnataka boti ya kwenda Maziwe. Pesa mmeshachanga, nyama ya kuchoma mmeshanunua, na kwenye kundi lenu la WhatsApp picha za kile kisiwa zimeshazunguka wiki nzima. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza upepo mkali, nanyi mmeambizana kwamba utabiri hukosea.

Siwazuii kuja. Vijana kusafiri pamoja, mkalala watano chumba kimoja na kuongea hadi alfajiri, ni jambo jema sana. Mkishakuwa na watoto na madeni, nafasi hiyo huwa haba. Njooni. Nina neno moja tu, nalo nimewaambia waliowatangulia mpaka sauti imechoka. Nalirudia kwa sababu kila msimu wanakuja wengine ambao hawajalisikia. Nahodha akiwaambia leo hatuendi, msimwongezee pesa.

Jambo hili nimeliona kwa macho. Kundi la vijana limeshuka ufukweni asubuhi na mabegi na spika yao ya muziki. Nahodha amekunja suruali hadi magotini, hawatazami wao, anatazama nje, kule maji yanakovunjika mwambani. Akawaambia kwa upole, leo bahari imechafuka, tungoje kesho. Bei waliyokuwa wamepatana ni shilingi 200,000. Kijana mmoja akasema, tutakupa 250,000. Nahodha akatabasamu, akakuna kichwa. Mwingine akasema, basi 300,000, na mafuta juu yetu. Pakawa kimya. Nahodha akamgeukia kijana wake, yule anayekaa nyuma kufua maji ya ngama kwa kidumu kilichokatwa, na kijana akainamisha macho. Kisha nahodha akasema, haya, pakieni.

Nami nilisema neno langu pale. Niliamkiwa shikamoo nzuri, yenye adabu zote, nikaambiwa babu usiwe na wasiwasi, na migongo ikageuka.

Walirudi salama. Walirudi wamelowa chapachapa, wawili wametapika, wote wanacheka, na nina hakika hadithi ile wanaisimulia hadi leo kama siku ya ushujaa. Hapo ndipo penye uzito kwangu. Waliozama hawapati nafasi ya kumshauri mtu. Waliorudi ndio wanaowaambia wenzao kwamba manahodha wa Pangani husema hapana ili kupandisha bei, ongeza kidogo tu watakwenda. Na kundi linalofuata linakuja na pesa ya ziada tayari mfukoni.

Nataka mmwelewe yule nahodha waliyemsimamisha pale mchangani. Mashine ya boti yake huenda ni ya mkopo. Wiki nzima iliyopita upepo umemfungia nyumbani, hajapata samaki wala mgeni. Mtoto wake amerudishwa kutoka shule. Alipowaambia hapana, alikuwa ametoa kitu cha thamani kuliko vyote alivyo navyo, yaani ujuzi alioupata tangu akiwa mtoto wa kushika kamba, na juu yake akakataa hata mlo wa siku ile. Wao wakaununua ule ujuzi kwa shilingi laki moja ili unyamaze. Baharini hakikubadilika kitu baina ya bei ya kwanza na ya mwisho. Upepo ulikuwa uleule, na maji yalikuwa yaleyale.

Najua kinachowadanganya. Mkifika mnaona jua linawaka, anga buluu, hakuna hata tone la mvua, mnajiuliza huyu mzee anaogopa nini. Mtu wa bara akisikia hali mbaya ya hewa, anatazama mawingu. Lakini sikukuu zenu za katikati ya mwaka, Saba Saba na Nane Nane, zinaangukia ndani ya kusi. Kusi hushika baada ya masika na kuendelea mpaka mwezi wa tisa hivi, na nguvu zake huwa kubwa Juni, Julai na Agosti. Ni upepo mkavu. Unaweza kuvuma siku nzima chini ya anga safi kabisa, na bahari ikachafuka huku mnaungua na jua. Masika ni rahisi zaidi kwa mgeni, maana wingu jeusi na radi kila mtu anaviogopa. Radi ikisikika, tokeni majini, na msikimbilie chini ya mvinje mrefu uliosimama peke yake.

Someni taarifa za Mamlaka vizuri badala ya kupitisha kidole. Mara nyingi zinataja ukanda wa pwani kwa mikoa: Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na Mafia, Lindi, Mtwara, Unguja na Pemba. Zinapanda ngazi, kutoka angalizo kwenda tahadhari, kisha tahadhari kubwa, na kila ngazi ina rangi yake. Angalizo la kawaida wakati wa kusi husema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Mita 2 mkiwa mmekaa ofisini ni kitu kidogo. Basi mkifika ufukweni, nendeni kwenye ile boti mnayotaka kuipanda, msimame kando yake, mpime ubavu wake kwa mkono. Ikishapakia watu kumi, makreti na majiko, ubavu unaobaki juu ya maji unaweza usifike hata mita moja. Wimbi la mita 2 linawazidi kimo mkiwa mmesimama.

Halafu kuna Maziwe yenyewe, ambayo wengi mnaijua kwa picha tu. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na wakati huo ilikuwa kisiwa kweli, chenye mivinje, na kasa walikuwa wakitaga. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, bahari ikala. Leo ni fungu la mchanga, kilomita 8 hivi kutoka nchi kavu. Maji yakipwa linatokea jeupe na zuri kupita maelezo. Maji yakijaa linafunikwa, hakuna mti wala kibanda wala jiwe la kukalia. Kwa hiyo safari ya Maziwe inafungwa na saa za maji. Siku za bamvua, maji yanapopwa na kujaa kuliko siku nyingine, pwani yetu maji hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Mnaondoka asubuhi, upepo bado haujaamka, bahari inawapokea vizuri, na kila mtu anamcheka aliyeogopa. Mnaogelea, mnakula. Ikifika saa sita maji yameanza kulila fungu, na hapo ndipo kusi nayo imeshika. Njia ya kurudi ni nyingine kabisa na ile mliyojia. Mashine ikigoma saa hiyo, mnarudi mchangani wapi? Swali hilo nahodha analo kichwani tangu alfajiri, akiwa anatazama nje na kukuna kichwa. Halisemi kwa maneno mengi, kwa kuwa mbele yake kuna wageni wenye haraka.

Mnaweza kusema, mzee, hizo ni boti ndogo, sisi tutapanda kubwa. MV Skagit ilikuwa kubwa. Ilijengwa Marekani, ikafanya kazi ya kuvusha abiria kwenye maji yaliyokingika ya Seattle kabla ya kuletwa kwetu. Tarehe 18 Julai 2012, mchana kweupe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali. Waliokufa na waliopotea walizidi mia moja. Tazameni mwezi wenyewe, Julai.

Na msidhani bahari yetu haina tufani za kweli kwa kuwa hamjaziona. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu kwa maelfu na kuvunja merikebu za Sultani Barghash zikiwa bandarini. Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, nacho kilikuwa kimetangazwa siku kadhaa kabla. Boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa. Kule kusini mafuriko yalikata barabara ya Lindi eneo la Somanga. Siku kama ile wapo wasafiri wanaonung'unika kwamba wamepotezewa wikiendi. Natamani wangejua kwamba aliyewapotezea wikiendi alikuwa amekaa macho kwa ajili yao.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana jambo linalowavusha watu kwenye bahari chafu mara nyingi ni kuona haya tu. Katika kila kundi yupo mmoja, mara nyingi msichana, mara nyingine kijana mpole asiyejua kuogelea, ambaye tangu asubuhi moyo wake umekataa. Anaangalia maji, anaangalia wenzake. Akisema tusiende, ataitwa mwoga na aliyeharibu safari. Akinyamaza, ataonekana rafiki. Basi ananyamaza, anakuwa wa mwisho kupanda, na jaketi okozi linalobaki ndilo lile lililokatika mkanda. Nimemwona huyo mtu katika makundi mengi, sura tofauti, macho yaleyale. Nawaomba mtafuteni kabla hamjatoka Dar. Mwulizeni usiku wa kuamkia safari, mmekaa, hamjamaliza kulipa, hakuna anayewangoja ufukweni. Kubalianeni mapema kwamba mmoja akisema hapana, ni hapana ya wote, na hatadaiwa maelezo. Uamuzi wa bahari haufai kufanywa mchangani, maboksi yameshapakiwa na muziki unalia.

Wapo watakaosema, sawa, boti tumeiacha, tutaogelea hapahapa ufukweni. Siku ya mawimbi makubwa, hata hapo muwe na adabu. Maji yanayopanda ufukweni kwa nguvu lazima yarudi, na hutafuta njia moja ya kurudia, mahali penye upenyo. Mgeni huona pale mawimbi hayavunjiki, akadhani ndipo palipotulia, akaingia. Mkondo ukimchukua, asipigane nao kurudi moja kwa moja, atachoka. Aende upande, sambamba na pwani, mpaka atoke kwenye mkondo, ndipo arudi. Na mwenye pombe tumboni asiingie kabisa. Hilo sina maneno mengi juu yake.

Jumamosi yenu haitaharibika. Pangani ni mji wa kukaa. Mtavuka mto kwenda Bweni, mtazame mdomo wa mto siku ya kusi wakati maji yanatoka: mto unasukuma nje, upepo unasukuma ndani, na mawimbi yanasimama wima yakigombana. Kaeni pale nusu saa tu, mtamwelewa nahodha bila kuhubiriwa. Kuna majumba ya zamani yaliyochoka, yenye milango ya kuchongwa. Kuna habari za Abushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani na kunyongwa hapahapa Pangani Desemba 1889, na wazee wa mji wanapenda kuulizwa. Asubuhi mkiwahi, mtawakuta wavuvi wakitandaza nyavu na kuziba matundu kwa kuwa hawakutoka, na mtu anayeziba nyavu ana muda wa kuongea. Mama zenu wa hapa watawapikia samaki wa kupaka na mkate wa kumimina kama mkiagiza mapema, na ile nyama yenu ichomeni uani, nyuma ya ukuta, upepo usiwapeperushie makaa.

Maziwe haikimbii. Kusi ikishaisha na kaskazi haijashika, kuna majuma ya matlai, Novemba hivi, bahari inalala kiasi kwamba mnaona matumbawe mkiwa juu ya boti. Chagueni siku ya bamvua, mtoke saa mbili asubuhi. Siku hiyo nahodha ndiye atakayewapigia simu.

Na kuhusu ile advansi mliyomtumia kwa simu, msimdai. Ameshanunua mafuta, ameshamwita kijana wake kazini, ameshakataa wateja wengine kwa ajili yenu. Ikiwezekana, ile 100,000 ambayo mngekuwa tayari kumwongezea ili awapeleke, mpeni nusu yake kwa kuwa amekataa. Mpeni mkononi, mbele ya wenzake waliosimama pale, na mwambieni ni ya nini, wasikie.